Udongo, Debe na Waya: Historia ya Mandhari Ndogo za Kibera na Kawangware

Mandhari ndogo ni ardhi iliyopunguzwa ukubwa kwa makusudi: kilima kinachobebwa kwa mikono miwili, mto unaopita juu ya meza, kijiji ambacho mtazamaji huyaona mapaa yake yote kwa mara moja kama mwewe aliye angani. Siku hizi jina lake limefungamana zaidi na michezo ya vita ya mezani, ambamo wachezaji husogeza askari wadogo wa risasi, bati au plastiki juu ya uwanja uliojengwa kwa katoni, povu gumu na mchanga, wakipima mwendo kwa rula na kuamua majaliwa ya mapigano kwa dadu. Mchezo huo wenyewe una wafuasi wachache Nairobi, na mitaa ya Kibera na Kawangware haijaufanya kuwa desturi. Lakini ufundi unaoubeba, yaani kuiumba nchi upya kwa vitu vilivyo karibu, una historia ndefu katika mitaa hiyo miwili, tena yenye upekee wake. Fundi wa kwingineko hutafuta kitu kinachofanana na bati lenye kutu, ilhali Kibera bati lenyewe lipo, na kipande anachokikunja mtoto kuwa gari ndicho kile kile kilichobaki baba yake alipomaliza kuezeka. Kwa sababu hiyo historia ya vifaa vya ufundi mdogo wa mitaa hii haitengani na historia ya vifaa vilivyoujenga mji wenyewe.

Kibera, zaidi ya hayo, ilikuwa uwanja wa mazoezi ya vita kabla ya kuwa mtaa. Mwaka 1891 ofisa Mwingereza Frederick Lugard aliwachukua huko Kavalli, karibu na Ziwa Albert, askari wa Kisudani waliokuwa mabaki ya jeshi la Emin Pasha, na askari hao pamoja na watoto wao wakaingizwa katika vikosi vya Waingereza vya Afrika Mashariki. Vikosi hivyo vilipounganishwa mwaka 1902 kuwa King's African Rifles, jeshi ambalo wenyeji waliliita Keya kwa kuzitamka pamoja herufi zake tatu, Wasudani hao walikuwa miongoni mwa wazoefu wake. Kuanzia mwaka 1904 baadhi yao walianza kukaa na jamaa zao katika msitu uliokuwa kusini-magharibi ya mji mchanga wa Nairobi, nao wakauita Kibra, neno la Kinubi lenye maana ya msitu au kichaka. Mwaka 1918 eneo hilo, lenye ukubwa wa ekari zipatazo 4,197, lilitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi, na likabaki mikononi mwa Keya hadi mwaka 1928 lilipokabidhiwa kwa utawala wa kiraia. Majina ya vijiji vyake yamehifadhi kumbukumbu hiyo kuliko jalada lolote: Kambi Lendu na Kambi Aluru hutaja kambi na pia kabila lililotoka kandokando ya Ziwa Albert, na masimulizi ya wenyeji hulihusisha jina la Laini Saba na laini ya shabaha, yaani mahali walipojifunzia askari kulenga bunduki.

Uwanja wa mazoezi ni mandhari isiyopunguzwa. Kilima chake ni kilima kweli na mto wake humlowesha askari, ila adui ni wa kudhania, na mwisho wa siku wote hurudi kambini kula. Jeshi lisilo na ardhi ya kutosha, au lisilotaka kuwachosha watu na farasi, hulazimika kuileta ardhi mezani, na huko ndiko ulikoanzia ufundi wa mandhari ndogo kama unavyofahamika Ulaya. Georg Leopold von Reisswitz, mtumishi wa serikali ya Prussia, alianza kwa mchanga uliofinyangwa kuwa vilima na mabonde, na mwaka 1812 akampelekea Mfalme Friedrich Wilhelm III meza kubwa yenye droo, ambayo juu yake vilipangwa vipande vya mraba vilivyoumbwa na kupakwa rangi, hiki kikionyesha mto, hiki barabara, hiki msitu, nchi moja ikivunjwa jioni na nyingine kupangwa asubuhi. Mwanawe alichapisha kanuni za mchezo huo mwaka 1824, akatumia ramani mahali pa vipande vya baba yake, na maofisa wa Prussia wakaufanya kuwa sehemu ya mafunzo yao. Ilipofika mwaka 1913, mwandishi Mwingereza H. G. Wells alipotoa kitabu chake Little Wars, mchezo ulikuwa umerudi sakafuni kwa raia: milima ya Wells ilikuwa mbao, nyumba zake zilikuwa matofali ya mbao ya kuchezea watoto, na misitu yake ilikuwa vijiti vilivyokatwa bustanini. Inafaa kukumbukwa kwamba hapakuwa na duka lililouza vitu hivyo kwa kazi hiyo, na kwamba aliyeweka msingi wa mchezo ambao leo una viwanda vyake alifanya kazi kwa namna ile ile ya mtoto wa Laini Saba, yaani kwa kuokota.

Afrika Mashariki nayo ilikuwa na vita vyake vilivyopunguzwa. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na msamiati wake ni wa vita na mali: kete hutekwa, mchezaji hutafuta mtaji, na shimo moja lenye hadhi huitwa nyumba, ambayo mwenyewe huilinda isibomolewe. Waluo wana ajua na Wakikuyu wana giuthi, michezo ya jamii hiyo hiyo ambayo haihitaji ubao, kwa kuwa mashimo yaweza kuchimbwa ardhini mahali popote penye kivuli na kete zikawa mbegu au vijiwe. Waluo na Wakikuyu walikaa Nairobi kwa wingi, wa kwanza wakijaza baadaye vijiji vya Kibera na wa pili wakiwa wenyeji wa upande wa Dagoretti, ilipo Kawangware. Katika michezo hiyo ardhi ni uwanja na ni kifaa kwa pamoja, ingawa haiigi kitu: shimo la ajua halidai kuwa bonde. Hatua ya kuigeuza ardhi kuwa picha ya ardhi ilichukuliwa na watoto, waliofinyanga ng'ombe, mazizi na nyumba kwa udongo, kazi iliyoenea bara lote la Afrika Mashariki na ambayo watu wazima hawakuiona kuwa na thamani ya kuandikwa, kwa hiyo mengi yake yalisombwa na mvua.

Udongo wenyewe una habari zake. Nairobi imekaa mpakani mwa udongo wa aina mbili: magharibi, kuelekea Kawangware na nyanda za Kiambu, ni udongo mwekundu wenye kina, na mashariki na kusini, kuelekea mbuga za Athi, ni udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka vipande ukikauka. Anayekandika ukuta huijua tofauti hiyo kabla ya mtaalamu wa maabara, na anayefinyanga kilima cha mezani huijua vilevile, kwa kuwa udongo mwekundu uliochanganywa na majani makavu hushika na kutulia, ilhali mweusi huacha nyufa zinazofaa tu kwa anayetaka kuonyesha ziwa lililokauka. Nyumba za mwanzo za Wanubi, kama walivyoitwa askari wale wa Kisudani na wazao wao, zilijengwa kwa fito na udongo, zikiwa za pembe nne kwa mtindo wa miji ya Waswahili. Fito nyingi za nyumba za baadaye zilitokana na miwati, miti ya asili ya Australia iliyoletwa katika nyanda za juu za Kenya mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya maganda yake ya kutengenezea ngozi, ikawafaa wajenzi kwa kuwa hukua upesi na kunyooka. Vijiti vya mti huo huo vilitosha kuwa boriti za nyumba ya kuchezea, iliyokandikwa kwa udongo ule ule, na tofauti ya nyumba ya mtoto na ya mzazi ikabaki kuwa ukubwa pekee.

Hapo ndipo historia za mitaa hii miwili zinapoachana, na sababu yake ni ardhi. Kawangware, ambayo jina lake hutajwa kuwa limetokana na ngware, ndege wa jamii ya kwale kwa Kikuyu, ilikuwa sehemu ya nchi ya Wakikuyu ya Dagoretti na haikuingizwa ndani ya mipaka ya Nairobi hadi mwaka 1963. Ardhi yake ni ya watu wenye hati, na mwenye hati aliweza kujenga ploti, yaani safu za vyumba vya kupangisha zinazotazamana kuzunguka ua mmoja, akaanza na mbao za maganda na mabati na kuendelea na mawe alipopata uwezo, hata leo maghorofa yameota katikati ya vibanda. Kibera ilihesabiwa kuwa ardhi ya serikali. Wanubi walidai kwa karibu karne nzima kutambuliwa, na ni mwaka 2017 tu walipokabidhiwa hati ya ekari 288, sehemu ndogo ya zile zilizotangazwa mwaka 1918. Anayejenga juu ya ardhi ambayo huenda akaondolewa kesho hujenga kwa vitu vinavyong'oleka, na bati lililopigiliwa misumari michache juu ya mti laweza kung'olewa jioni na kusimamishwa kwingine asubuhi. Meza ya Reisswitz ilitengenezwa ili vipande vyake vipangwe upya kwa burudani na mafunzo ya wakuu. Vijiji vya Kibera vilijifunza ufundi huo wa vipande kwa kulazimishwa na sheria ya ardhi.

Bati la mawimbi lilibuniwa London, ambako Henry Robinson Palmer alipata hataza yake mwaka 1829, na liliingia Nairobi pamoja na reli iliyofika hapo mwaka 1899. Mawimbi si pambo: karatasi nyembamba ya chuma iliyonyooka hujipinda kwa uzito wake yenyewe, lakini ikikunjwa mawimbi hujitegemea kutoka boriti hadi boriti, ndiyo maana paa zima laweza kukaa juu ya miti michache. Wauzaji wa Nairobi hulipima kwa geji, kipimo cha unene ambacho namba yake ikipanda bati hupungua unene, hivi kwamba geji 32 ya mwenye haraka ni nyembamba kuliko geji 28 ya mwenye mpango wa kuishi. Lakini kabla ya wengi kumudu bati jipya lilikuwapo debe, mkebe wa mafuta ya taa wenye ujazo wa galoni 4, yaani lita zipatazo 18, ambao mafuta yakiisha uligeuka chombo cha maji, kipimo cha nafaka, na hatimaye, ukipasuliwa kwa patasi na kunyooshwa kwa nyundo, karatasi ya kuezekea au ya kuziba ukuta. Mikebe midogo ilifuata njia hiyo. Kopo la mafuta ya kupikia la kilo 2 likawa gorogoro, kipimo ambacho hadi leo hutumika kuuzia mahindi na maharagwe sokoni. Kopo dogo zaidi likawekewa utambi na kuwa koroboi. Na kilichokatwa pembeni, kisichofaa taa wala kipimo, kikamwangukia mtoto.

Mtu anayeijenga Kibera kwa udogo hukutana kwanza na hesabu ya mawimbi ya bati. Skeli ni uwiano wa kitu kidogo na kile kinachoigwa: skeli ya 1:10 ina maana kwamba sentimita moja ya mfano ni sentimita 10 za kitu halisi. Kutoka mgongo hadi mgongo wa bati la kawaida ni milimita 76. Katoni ya kufungia bidhaa ina karatasi ya mawimbi katikati ya karatasi mbili bapa, na katika katoni nyingi za maduka mawimbi hayo yamepishana kwa milimita kati ya 7 na 8. Kwa hiyo mtoto anayelowesha katoni, kuibandua karatasi ya juu na kuyaacha mawimbi wazi amepata, pasipo kukokotoa lolote, bati la skeli inayokaribia 1:10, ambalo humfaa mwanasesere wa sentimita 17. Askari wa michezo ya mezani ana urefu wa milimita zipatazo 28, ambao ni skeli ya 1:60 hivi, na huko katoni haifai tena, kwa kuwa mawimbi yake yangekuwa makubwa kama mifereji. Yanahitajika mawimbi yanayopishana kwa milimita 1.25 hivi. Kipimo hicho hasa ndicho cha nyuzi za bolti ya kawaida ya milimita 8, na kwa sababu hiyo karatasi laini ya alumini ya jikoni ikilazwa juu ya bolti hiyo na kusuguliwa kwa kifutio hutoa bati ambalo hata fundi wa Kawangware angelitambua. Bolti za namna hiyo hazikosekani mahali penye karakana ya matatu.

Rangi ni shida ya pili. Bati hulindwa na tabaka la zinki, na zinki huyeyuka kwenye joto la nyuzi 419 za Selsiasi, joto dogo kwa moto wa nyumba. Bati lililopita motoni hupoteza kinga yake na kupata kutu upesi, kwanza ya manjano, kisha ya rangi ya machungwa, kisha ya kahawia iliyokolea. Wapenzi wa mandhari ndogo hujifunza kuziweka rangi hizo tabaka juu ya tabaka kwa sifongo, nao huziita uzee. Kibera mabaka hayo yana tarehe. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 soko la Toi liliteketea na sehemu ya reli inayokatiza mtaa iling'olewa, na vibanda vya soko vikainuliwa tena na wenyewe. Yeyote atakayelijenga soko hilo juu ya meza na kulipaka kutu kwa ajili ya uzuri wake atakuwa amechora pia moto, ajue au asijue; na hapa ndipo mchezo wa vita unapodai heshima ambayo vitabu vyake vya kanuni havina sura ya kuieleza.

Baada ya debe ni waya. Gari la waya, lenye fito ndefu ya usukani inayomwezesha mtoto kulisukuma akiwa amesimama wima, lilienea Afrika ya Mashariki na Kusini, na katika mitaa ya Nairobi lilitegemea mabaki ya ujenzi, viango vya nguo, na nyuzi za chuma zilizotoka katika matairi yaliyochomwa. Magurudumu yake yalikuwa vifuniko vya soda, visoda kama viitwavyo, au duara zilizokatwa katika malapa yaliyochakaa. Ujuzi unaohitajika, wa kupinda waya kwa kufuata umbo lililo kichwani bila mchoro, ndio unaohitajika baadaye katika karakana, na si ajabu kwamba mafundi wengi wa jua kali walianzia huko. Jina hilo la jua kali, lenye maana ya watu wafanyao kazi pasipo paa, lilikuwa la dharau kwanza. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 kuhusu Kenya ndiyo iliyowafanya wachumi waitazame sekta hiyo kama ajira na si fujo, na mwaka 1985 Rais Daniel arap Moi alipowatembelea mafundi wa Kamukunji na kuwaahidi kujengewa vivuli, neno lilipata cheo cha serikali. Lakini cheo hicho kilikuja na bei: kadiri vyuma chakavu vilivyopata wanunuzi wenye mizani, ndivyo waya ulivyoacha kuwa wa bure, na Januari 2022 serikali iliposimamisha kwa muda biashara hiyo yote kwa sababu ya uharibifu wa minara ya umeme na nyaya, chuma kilichokuwa takataka kilikuwa kimekwisha kuwa jambo la usalama wa taifa.

Karakana za Kibera zina tawi lililo karibu zaidi na askari wadogo wa mezani kuliko gari la waya. Ni mafundi wa shaba nyeupe na manjano, wanaonunua makufuli mabovu na mabomba ya maji yaliyokufa, wakayayeyusha kwa moto wa makaa unaopulizwa kwa feni na kuyamimina katika umbo la mchanga, kisha wakayasugua hadi yawe bangili na hereni. Wenzao huchonga mifupa na pembe za ng'ombe, zinazopatikana kwa wingi kwa kuwa machinjio ya Dagoretti yako upande wa Kawangware na nyama choma ni chakula cha jiji zima. Mfupa huchemshwa kuondolewa mafuta, hukatwa kwa msumeno, husuguliwa na kutiwa rangi. Mafundi wa Nürnberg waliowamimina askari bapa wa bati katika karne ya 18 walifanya kazi ya namna moja na hiyo, kwa madini yanayoyeyuka kwa joto dogo zaidi. Kinachokosekana Kibera si ustadi wa kutoa sanamu ya sentimita 3, bali mnunuzi wa sanamu hiyo, kwa maana soko la utalii limewataka mafundi twiga na hereni kwa miongo mingi na halijapata kuwataka askari wa Keya waliovaa fezi.

Vitu laini navyo vinastahili kutajwa, ijapokuwa kwa haraka. Viwanda vya Ulaya huuza nyasi za bandia kwa mifuko midogo yenye bei kubwa, na wajenzi wasiotaka kulipa wamegundua mbadala ambazo kila jiko la Nairobi linazo: machicha ya majani ya chai yaliyokaushwa, yanayotandazwa juu ya gundi kuwa takataka za msituni, nyuzi za katani, ambayo Richard Hindorf aliiingiza Afrika Mashariki ya Wajerumani mwaka 1893 na ikaenea hadi Kenya, zikikatwa na kusimamishwa kuwa nyasi ndefu, dodoki lililochanwa kuwa kichaka, na vumbi la mbao lililotiwa rangi kuwa majani mafupi, ambalo maseremala wa kandokando ya barabara ya Ngong hulitupa kila siku pamoja na maranda. Gundi nyeupe ya maseremala hao hao hushika yote. Wasioweza kuinunua wamezoea uji mzito wa unga, ambao hushika vizuri ila huwaalika panya na mende.

Plastiki ilikuja kwa wingi mno hata ikajipatia sheria. Mifuko yake mepesi, iliyoviringishwa na kufungwa kwa kamba, ndiyo iliyokuwa mpira wa miguu wa mitaa yote ya Nairobi, na mabonde ya mto Ngong yanayopakana na Kibera yalijaa mifuko hiyo hiyo hadi tarehe 28 Agosti 2017, Kenya ilipoipiga marufuku kwa adhabu kali ya faini na kifungo. Marufuku ilisafisha sehemu ya mitaro na kuondoa malighafi ya mpira kwa pamoja, jambo ambalo hakuna ofisa aliyelihesabu kuwa hasara. Povu jeupe la polistireni, linalokuja limeikumbatia televisheni au friji ndani ya katoni, halikuguswa na sheria hiyo, na kwa mjenzi wa mandhari ndogo ni mawe, milima na kingo za mito, mradi asilipake rangi ya kupuliza moja kwa moja, kwa sababu kimiminika kilichomo hulila povu na kuacha mapango.

Ramani za Kibera zilifuata njia iliyo kinyume na ya michezo ya vita. Kwingineko ramani ilitangulia na mfano ukafuata. Kibera palikuwa na mji mzima ambao ramani za kawaida zilikuwa zikiuacha kama doa tupu. Mnamo Novemba 2009 mradi wa Map Kibera, ulioanzishwa na Erica Hagen na Mikel Maron, uliwafundisha vijana 13 wa vijiji vya huko kutembea na vipokezi vya satelaiti na kuchora vichochoro, visima, vyoo, makanisa na misikiti katika ramani huria ya OpenStreetMap. Mwaka huo huo sensa ya taifa ilihesabu Kibera watu 170,070, wachache mno wakilinganishwa na milioni moja iliyokuwa ikitajwa katika hotuba na ripoti kwa miaka mingi. Hivyo mtaa ulipata kipimo chake na umbo lake ndani ya mwaka mmoja, na kuanzia hapo ungeweza kujengwa kwa udogo na mtu ambaye hajawahi kuukanyaga.

Haukuchukua muda. Mwaka 2012 shirika la UN-Habitat, lenye makao yake makuu Gigiri, Nairobi, liliingia ubia na kampuni ya Mojang ya Uswidi katika mpango ulioitwa Block by Block, ambamo wakazi wa mahali panapokusudiwa kutengenezwa hupewa kompyuta yenye mchezo wa Minecraft, na ndani yake mfano wa eneo lao uliojengwa kwa vijiwe vya mraba ambavyo kila kimoja huhesabiwa kuwa mita moja kila upande. Mkazi huondoa, huongeza na kubishana na jirani yake juu ya mahali pa kuweka mlango, taa au mtaro, na kilichokubaliwa huchukuliwa na wasanifu. Uwanja wa michezo wa Silanga, Kibera, ulikuwa miongoni mwa majaribio ya kwanza kabisa ya mpango huo, na kwa hiyo ardhi iliyotengwa mwaka 1918 kwa ajili ya askari kufanyia mazoezi ilirudi kuwa uwanja wa mezani, safari hii ukichezwa na raia wanaopanga mahali pa watoto kuchezea mpira. Hazina ya vijiwe waliyopewa ilikuwa na udongo, mchanga, mawe ya aina kadhaa, magogo, mbao, matofali, kioo, sufu, hata dhahabu na almasi. Kijiwe cha chuma kilikuwamo pia, kikiwa laini na cheupe pande zake zote, lakini bati la mawimbi halikuwamo.